Muhuri, Lakiri au Ungio: Istilahi ya Kufunga Mifuko ya Plastiki kwa Joto

Wafasiri wengi huliogopa neno wasilolijua. Kwa hakika neno la namna hiyo halina madhara makubwa, kwa kuwa mfasiri akishatambua kwamba halijui hulitafuta katika kamusi, huwauliza wataalamu, na asipopata jibu huliandikia Baraza. Neno la kuogopwa ni lile ambalo mfasiri anadhani kwamba analijua. Hilo huingia katika tafsiri bila kubisha hodi, likakaa kitako, na msomaji akalipokea kwa sababu limeandikwa kwa Kiswahili kisicho na dosari. Makala haya yanahusu neno moja la aina hiyo, na mwandishi hana budi kukiri tangu mwanzo kwamba alilikosea mara mbili kabla ya kusahihishwa na watu ambao kazi yao si lugha.

Waingereza hulitumia neno hilo moja kwa mambo ambayo Kiswahili huyatenga: alama ya ofisi inayogongwa chini ya barua, nta nyekundu inayodondoshwa juu ya bahasha ili ijulikane kama imefunguliwa, mpira unaozuia maji yasipenye katika maungio ya bomba, na ule mstari bapa ulio juu na chini ya mfuko wa maziwa, mahali ambapo ngozi mbili za plastiki zimeshikana zikawa moja. Hata yule mnyama wa baharini tumwitaye sili anaitwa kwa neno hilo hilo, ingawa huyo hajapata kumsumbua mfasiri yeyote wa Iringa.

Chanzo cha makala haya ni kikundi kimoja cha akina mama wasindikaji karibu na Tosamaganga. Tosamaganga iko mlimani, si mbali na Kalenga, na wengi huifahamu kwa misheni yake, shule yake na hospitali yake. Kikundi hicho husaga mahindi, soya na karanga pamoja, kikapata unga wa lishe wa uji wa watoto. Walikuwa wamenunua mashine ndogo ya mezani ya kufungia mifuko, nayo ilikuja na mwongozo wa Kiingereza wa kurasa nne. Mwandishi aliombwa kuufasiri, akaifanya kazi hiyo jioni moja, akajipongeza.

Isidhaniwe kuwa jambo hili ni dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa wa Iringa walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa, ilhali kwa nchi nzima ni kiasi cha watoto 30 katika kila 100. Huu ni mkoa ambao mahindi yake hulishwa miji ya mbali. Unga wa lishe ni mojawapo ya njia za kupambana na hali hiyo, lakini soya na karanga zina mafuta, na mafuta yakikutana na hewa kwa muda mrefu hugeuka na kunuka. Unyevu nao ukiingia, kuvu huota. Kifungashio hakiwezi kuiondoa sumukuvu iliyokwisha kuingia katika nafaka shambani au ghalani, ile ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Lakini kifungashio kibovu huweza kuuharibu unga uliotoka kinuni ukiwa safi. Mama aliyenunua mfuko wa unga ulioharibika mara moja, mara ya pili hanunui.

Katika tafsiri ya kwanza mwandishi aliandika "muhuri" kila mahali. Sentensi moja ilisema: "Hakikisha kwamba sehemu ya muhuri ni safi kabla ya kupiga." Kisarufi haina kosa. Kikundi kilikuwa na muhuri wa mpira wenye jina lake na nafasi ya tarehe, ambao hugongwa katikati ya mfuko. Wakapangusa vizuri sana hapo katikati, wakagonga muhuri, kisha wakauingiza mdomo wa mfuko kwenye mashine ukiwa umejaa vumbi la unga. Baada ya siku chache mifuko ikaanza kuachia.

Muhuri, neno lenye asili ya Kiajemi, kwetu ni alama ya mamlaka. Hutoa habari kwamba fulani ameidhinisha. Hauzuii kitu kupita. Lakiri, ambayo tuliipokea kutoka kwa Wareno, yakaribia zaidi, kwa sababu lakiri ni nta ambayo huyeyushwa kwa moto, hugandamizwa, kisha hupoa na kushika. Laiti lakiri ingekuwa bado inatumika katika kila ofisi ya tarafa, pengine tungeitwaa neno hilo na kulipa kazi mpya. Hata hivyo lina upungufu mmoja ambao fundi yeyote angeuona: lakiri ni kitu cha tatu kinachowekwa juu ya karatasi mbili. Katika mfuko wa plastiki hakuna kitu cha tatu. Utando hushikana na utando mwenziwe kwa mwili wake wenyewe.

Kinachotokea ndani ya utando

Hapa yafaa tuache maneno kwa kitambo tukitazame kitu chenyewe, maana mwandishi angalikitazama mapema asingalipoteza mifuko ya wenzake.

Plastiki inayotumika zaidi kwa mifuko ya unga na ya maziwa ni polietilini. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, na wanakemia waliokuwa wakitafuta kitu kingine kabisa, wakakuta chomboni mabaki meupe mfano wa nta. Polietilini ni mkusanyiko wa molekuli ndefu sana, kila moja kama mnyororo mwembamba. Katika utando uliopoa, baadhi ya minyororo hiyo imejipanga sambamba ikakazana kama kuni zilizofungwa mtita. Iliyobaki imesokotana ovyo kama sufi. Utando ukipashwa joto hadi kiwango fulani, mitita hiyo hufunguka. Kwa polietilini nyepesi kiwango hicho ni kati ya nyuzi 105 na 115 za sentigredi. Kwa polietilini nzito ni 130 hadi 135. Kwa polipropilini ni 160 hadi 165. Na kwa poliesta hupita 250.

Mitita ikishafunguka, na tando mbili zikiwa zimegusana barabara, minyororo ya upande mmoja hujipenyeza katika upande wa pili, na ya upande wa pili hufanya vivyo hivyo. Utando ukipoa, mitita hufungwa upya, lakini sasa mtita mmoja una kuni za pande zote mbili. Mpaka uliokuwapo kati ya tando umetoweka.

Mambo matatu hutawala kazi hiyo, yaani halijoto, muda na mgandamizo. Halijoto inayohesabiwa ni ile ya mahali tando zinapogusana, wala si ile ya chuma cha mashine kilicho nje, na muda unahitajika kwa sababu joto lazima lisafiri kupenya unene wa utando. Mgandamizo huzileta tando karibu na kuifukuza hewa iliyo kati yake. Ukizidi, plastiki iliyolainika hukamuliwa pembeni na ungio likabaki jembamba. Watu wengi huishia hapo kwenye matatu. Liko la nne, nalo ndilo lililoiangusha tafsiri ya pili ya mwandishi: kupoa.

Baada ya aibu ya muhuri, mwandishi alikwenda kusikiliza mafundi wanasemaje. Mjini Iringa wengi husema "kuchoma mfuko" au "kuchomelea", kwa mfano wa fundi wa mageti na madirisha ya chuma. Watengenezaji wadogo wa karanga na ubuyu, ambao hawana mashine, hukunja mdomo wa kimfuko juu ya kipande cha msumeno na kuupitisha kwenye mwali wa mshumaa, nao husema "kuchoma" bila wasiwasi. Ni neno lililo hai mdomoni mwa watu, na desturi yetu ya kuunda istilahi hutuelekeza kulianzia neno lililo hai. Basi tafsiri ya pili ikaandikwa "chomelea".

Neno hilo lilitii asili yake. Anayechoma huamini kwamba moto mkali ni bora kuliko moto mdogo, na kwamba moto ukizimika kazi imekwisha. Kitufe cha mashine kikazungushwa hadi mwisho. Taa ndogo inayoonyesha kwamba waya unapata moto ilipozimika, mashine ilifunguliwa papo hapo na mfuko wa kilo moja ukanyanyuliwa kwa mdomo wake. Baadhi ya mifuko ilitoka na ungio lililokunjamana na kugeuka rangi; mingine ilifunguka mkononi. Mwandishi aliitwa kuja kushuhudia, na hakuwa na la kujitetea.

Mmoja wa wanakikundi ni muuguzi mstaafu. Aliutazama mfuko uliofunguka, akautazama mwongozo, akasema: "Mwalimu, hapa hapajaunga. Mmeondoa hogo mapema." Hogo ni ile plasta ngumu anayofungwa mtu aliyevunjika mguu. Wenzake wakacheka, lakini mwandishi aliondoka Tosamaganga siku hiyo na istilahi aliyokuwa ameitafuta kwa miezi miwili.

Kwa nini "kuunga"

Kitenzi kuunga kina matumizi mengi: huungwa mchuzi kwa nazi, huungwa mkono hoja, huungwa udugu uliokatika. Lakini mfupa huunga wenyewe. Twasema "mfupa umeunga," bila kumtaja aliyeuunga, kwa kuwa kila upande huota ukaingia katika upande wa pili kwa mwili wake. Mganga anachofanya ni kuzikutanisha ncha, kuzibana kwa banzi au kwa hogo, na kuzilinda zisitikiswe kabla ya wakati. Mfano huu unalingana na kazi ya utando kwa namna ambayo hakuna neno jingine tulilolijaribu linalingana. Tando hukutanishwa, hubanwa, hupewa muda, kisha huachwa zitulie zikiwa bado zimebanwa, kwa sababu ungio lililo moto bado, ingawa tando zimekwisha kushikana, halijapata nguvu ya kuchukua uzito. Wahandisi wa vifungashio hupima nguvu hiyo ya ungio likiwa moto peke yake, mbali na nguvu ya ungio lililopoa, na katika mashine kubwa zinazojaza mifuko kutoka juu, ambapo maziwa huangukia ungio la chini kabla halijapoa, ndiyo inayoamua mfuko gani ufae.

Wako watakaopendelea "kulehemu". Ni neno zuri na la zamani, ila kulehemu katika ufundi wetu ni kuunganisha metali kwa kuyeyusha metali nyingine katikati, kama risasi na bati, na kwa hiyo tunarudi palepale pa lakiri. Wengine watauliza kwa nini tusiseme "kuziba" tu. Kuziba hutaja kusudi, hakutaji njia. Chupa huzibwa kwa kizibo, na tundu la panya huzibwa kwa udongo. Neno hilo libaki kwa maana yake pana, nalo litatufaa kwa ule mpira wa bomba. Ama "mshono", unalifaa gunia. Gunia la mahindi hushonwa, na mshono huacha matundu ya sindano ambamo hewa hupita. Katika gunia hilo si kasoro. Mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, ile inayojulikana nchini kwa jina la kinga njaa, haiungwi wala haishonwi: mifuko miwili ya ndani ya polietilini husokotwa mdomo na kufungwa kwa kamba, mmoja baada ya mwingine, na wadudu walio ndani hukosa oksijeni. Hapo kitenzi sahihi ni "kufunga", na mfasiri asilazimishe kingine.

Pendekezo basi ni hili. Kitendo kiitwe kuunga kwa joto. Mahali palipoungwa paitwe ungio, wingi maungio, neno ambalo tayari limo katika lugha. Na zile sehemu mbili za mashine zinazobana ziitwe taya, kama mafundi wanavyokwisha kuziita. Kizuizi kimoja kilitajwa na akina mama wenyewe: bidhaa yao ni unga, na "unga" na "kuunga" yatagongana. Kugongana huko hakujaleta hasara yoyote. Kumewapa msemo wa kukumbushana kazini, kwamba unga ukiingia mdomoni hauachi mfuko kuunga.

Msemo huo ni sahihi kisayansi. Chembe za unga zinazobaki kati ya tando mbili huziweka mbali, na mahali hapo minyororo haiwezi kuvuka. Mafuta ya karanga hufanya vivyo hivyo. Dawa yake ni kujaza kwa faneli yenye mdomo mrefu unaofika chini ya eneo la ungio, kuacha nafasi ya kutosha juu, na kupangusa.

Majina ya kasoro

Kuna mahali ambapo Kiswahili kinaishinda lugha ya mwongozo, nasi tusiache nafasi hiyo ipotee kwa kufasiri neno kwa neno. Mwongozo ule ulikuwa na neno moja tu kwa kila ungio lililoharibika. Akina mama wa Tosamaganga, bila kufundishwa, walikuwa na vitenzi vinne, na kila kitenzi kilimwambia fundi akatafute nini.

Ungio likiachia na kila utando ukabaki mzima, wao walisema limebanduka. Ni dalili kwamba halijoto haikufika, au muda ulikuwa mfupi, au palikuwa na uchafu. Utando ukikatika kwenye ukingo wa ungio kwa kuvutwa kidogo tu, walisema umechanika, na sababu yake huwa kinyume: joto au mgandamizo umezidi, plastiki imekamuliwa, ukingo umekuwa mwembamba. Ungio likianza kufunguka ncha moja na kukimbilia ncha ya pili, mfano wa uzi wa fulana, limefumuka, na mara nyingi kosa ni kuubebesha mfuko uzito kabla haujapoa. Ungio likionekana zima huku vumbi la unga likitoka, linavuja. Hapo tafuta mkunjo, hasa kwenye pembe za mifuko yenye pande za kukunjwa, ambapo tando mbili huwa nne na pengo jembamba hubaki katikati kama mfereji. Anayetaka kuhakikisha huufunga mfuko ukiwa na hewa, huuzamisha katika beseni la maji na kuubana polepole, akaangalia mapovu.

Yafaa kuongeza kwamba kubanduka si kasoro siku zote. Kifuniko cha kikombe cha mtindi hutakiwa kibanduke kwa kidole, na mifuko ya vifaa vya upasuaji vilivyotakaswa hutengenezwa ibanduke bila kuchanika, ili vipande vya karatasi visiangukie kifaa kisafi. Ungio la aina hiyo liitwe ungio la kubandua, na mfasiri wa nyaraka za hospitali aliangalie sana, maana akiliandikia "kasoro" atakuwa amemwambia muuguzi atupe kilicho kizima.

Joto, halijoto na umeme wa jioni

Katika mazungumzo ya kawaida "joto" latosha kwa yote mawili. Katika kazi hii halitoshi. Halijoto ni kiwango kinachosomwa kwa kipimajoto; joto ni nishati inayohama. Mashine ndogo za mezani hazina kipimajoto. Zina waya bapa wa nikromu unaopitishwa umeme kwa muda mfupi, juu yake kitambaa cha Teflon kinachozuia plastiki isigande, na kitufe chenye tarakimu ambacho hupanga muda tu. Kwa hiyo tarakimu 5 haimaanishi nyuzi wala joto la kiasi fulani. Joto litakalotolewa linategemea volti zilizopo. Nalo hufuata mraba wa volti. Umeme wa volti 230 ukishuka hadi 200, jambo ambalo mwenye kinu jirani anaweza kulisababisha kwa kukiwasha, joto hupungua hadi kama robo tatu. Ndiyo maana mifuko iliyofungwa asubuhi ilikuwa mizima na ya jioni ikabanduka, ingawa kitufe hakikuguswa. Mwongozo uliofasiri tarakimu za kitufe kuwa "halijoto" (nao ni kosa la mwandishi huyu huyu, la tatu kama msomaji anahesabu) uliwafanya waamini kwamba halijoto haijabadilika. Tena, baridi ya Iringa ya mwezi Juni na Julai huupoza utando na taya zenyewe, na mifuko ya kwanza ya asubuhi yapasa iongezewe muda kidogo, au mashine ijaribiwe kwa vipande vitupu mpaka ipate moto.

Aina ya plastiki nayo huleta mkanganyiko, kwa kuwa dukani yote ni "nailoni". Polipropilini hung'aa na hulia kama majani makavu ikikunjwa; polietilini ni laini na kimya. Aliyezoea polietilini akinunua polipropilini bila kujua, mashine yake haitaunga kwa kipimo kile kile, na atadhani imeharibika. Vifungashio vya kuchapishwa vya kiwandani mara nyingi ni vya matabaka: nje poliesta isiyoyeyuka kwa urahisi, ndani polietilini inayounga, na pengine alumini katikati ya kuzuia hewa na mwanga. Vya namna hiyo huunga ndani kwa ndani tu. Ukivikunja nje kwa nje, utabana mpaka kesho.

Liko jambo moja ambalo watu wa nyanda za juu hulijua kwa macho. Bidhaa iliyofungwa Dar es Salaam katika mfuko wenye hewa ikipandishwa mlima Kitonga hufika Iringa imevimba kama mto wa kulalia. Haijaharibika. Iringa iko kiasi cha meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa kama sehemu moja ya sita ikilinganishwa na ya pwani, hivyo hewa iliyofungiwa ndani hutanuka na kulivuta ungio kutoka ndani. Ungio dhaifu hufumukia njiani. Unga wa Tosamaganga ukiteremshwa pwani hupata kinyume chake, mfuko husinyaa, na mteja asiyejua hudhani umetobolewa.

Maneno jirani

Mwandishi ametumia "utando" kwa karatasi nyembamba ya plastiki, na kuiacha "filamu" kwa sinema na picha. Utando ni wa buibui, ni wa jicho, ni ule wa maziwa yaliyochemka. Kote huko ni kitu chembamba kinachofunika, na hakuna aliyemwuliza mwandishi maana yake. Kwa vifungashio vinavyokunjika, wengine wamependekeza "nyumbufu". Neno hilo latufikirisha kuvutika kama mpira, na utando mzuri wa maziwa haukusudiwi kuvutika. "Vifungashio laini" vinatosha, mkabala wa vile vigumu vya bati, kioo na plastiki nzito.

Kiroba ni mfano wa neno lililojiendea lenyewe. Kwanza kilikuwa mfuko wa unga. Kisha kikawa kipakiti cha pombe kali kilichoungwa pande zote, na "viroba" vikawa jina la kinywaji chenyewe hadi vilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Machi, 2017. Sasa kiroba kimerudi kwenye unga. Na maofisa wanaoandika barua za serikali wakumbuke kuwa marufuku ya tarehe 1 Juni, 2019 ilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea, na haikukusudia vifungashio vya bidhaa za viwandani na kilimo. Barua inayosema "mifuko ya plastiki" pasipo kuongeza neno humtia hofu mwenye kikundi cha usindikaji bila sababu, na humpa nafasi mkaguzi mkorofi.

Tafsiri ya tatu ya ukurasa ule ilifanywa papo hapo Tosamaganga, mashine ikiwa mezani, na kila sentensi ikijaribiwa kabla ya kuandikwa. Inasomeka hivi: "Pangusa unga wote mdomoni mwa mfuko, ndani na nje. Nyoosha mdomo usiwe na mkunjo. Uingize kati ya taya, bana. Taa itawaka, kisha itazimika. Usifungue. Endelea kubana, hesabu moja hadi tatu, ungio lipoe. Sasa fungua, ushike mfuko kwa chini." Imebandikwa ukutani juu ya mashine. Alipopita tena huko baada ya muda, mwandishi aliona kuwa neno moja limekatwa kwa kalamu. Mahali pa "Usifungue" mtu ameandika: "Bado haujaunga."